Saa Moja na Dakika Hamsini Kutoka Brussels Hadi Lisbon

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa ofisi, nikatoa kikombe changu kabatini, nikaenda nyumbani. Ninyi wenzangu mliobaki kaunta mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kabla hayajanitoka kichwani. Nitaandika, ila nawaonya mapema: mengi katika kazi hii sikuyaelewa hata yalipokuwa yakitokea mbele ya macho yangu, na sioni kwa nini niyaelewe leo eti kwa sababu nimestaafu.

Niliajiriwa kwa swali moja. Mume wangu alikuwa akichanganya rangi kiwandani mtaa wa Jacobs, hapa Durban, na mimi nilikuwa nimetoka Kigoma mwaka mmoja tu nyuma, nikisafisha sakafu za watu. Anti Saroj, mwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege, alikuwa mama wa Kihindi wa hapahapa Durban, mfupi, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni. Wateja wake wa zamani walikuwa wamehama katikati ya mji. Waliopanda ngazi zake sasa walikuwa watu wa mtaa wa Albert Park, Wakongo, Warundi na Watanzania, na hakuelewa walichotaka. Nilikwenda kusafisha, akanisikia nikiongea na mteja mmoja, akaniita mezani. Akanitazama juu ya miwani.

"Unajua kusoma saa?"

Nikacheka, nikasema najua. Ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza kazini, na nililifanya kabla sijaajiriwa.

Siku ya pili akaja kijana wa Kitanzania, mfanyabiashara aliyepanga chumba mtaa wa Point. Alikuwa anakwenda London, kutoka pale aende Brussels, kisha arudi London. Nikamsomea kwenye kitabu cha ratiba, kile kinene chenye maandishi ya kuumiza macho. Kwenda: ndege inaondoka London saa mbili asubuhi, inafika Brussels saa nne na dakika kumi. Kurudi: inaondoka Brussels saa mbili asubuhi, inafika London saa mbili na dakika kumi.

"Dada, kwenda zaidi ya masaa mawili, kurudi dakika kumi?"

Nikasoma tena. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Ndege ya dakika kumi ningepanda kwenda Jacobs," akasema.

Nilikuwa mgeni kazini na niliogopa kuonekana sijui. Nikamwambia kwamba kurudi kuna mteremko.

Anti Saroj alituona tunabishana, akataka nimtafsirie nilichomjibu mteja. Nikamtafsiria. Akavua miwani, akaifuta kwa muda ambao hadi leo naona ulikuwa mrefu kuliko safari yenyewe. Kijana alipoondoka, akatoa mfano wa dunia uliokuwa juu ya kabati, ule wa duara unaozunguka, na kipande cha uzi wa kushonea. Akapima Durban mpaka Johannesburg. Ulikuwa kama upana wa ukucha wake. "Huu ukucha ni kama dakika arobaini na tano angani," akasema. Akapima London na Brussels: ukucha haukutimia. Akapima Brussels na Lisbon: kucha tatu na nusu hivi, kama kilomita elfu moja na mia saba, chini kidogo ya masaa matatu. Akanieleza kwamba London na Lisbon zinafuata saa ileile, Brussels iko mbele yao kwa saa nzima, na kwamba muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoachana na mlango hadi inapofika mlango mwingine, kwa hiyo ndani yake kuna kuzungukazunguka uwanjani ambako si kuruka.

"Kamwe usitoe saa ya ukuta huu kwenye saa ya ukuta ule," akasema. "Kila saa ni kweli nyumbani kwake."

Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa. Nilielewa baada ya miezi minane hivi. Hata hivyo kulikuwa na jambo la saa kusogezwa. Huku kwetu hakuna anayegusa saa, lakini kule wanaisogeza mbele majira yao ya joto yakikaribia na kuirudisha nyuma yakiisha. Mchungaji mmoja wa Kirundi, mteja wangu, alilala Brussels Jumamosi na kuamka Jumapili ambayo saa moja imeshachukuliwa. Alinipigia simu uwanjani akilalamika kwamba ndege imeondoka kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimemwandikia kila kitu ila hilo.

Halafu kuna sisi wenyewe. Mtanzania akisema saa tatu asubuhi ana maana moja tu, jua limepanda. Mkongo wa Durban akisema saa tatu, muulize kwanza. Anaweza kuwa anahesabu kama mimi. Anaweza kuwa anahesabu Kifaransa huku anatamka Kiswahili. Tena anaweza kuwa na maana ya masaa matatu ya mwendo. Nimeona harusi ikianza bila bibi harusi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilijizoeza kumwandikia kila mteja kwenye karatasi: ndege inaondoka saa ngapi kwa saa ya huko, inafika saa ngapi kwa saa ya huko, na safari ni ya muda gani. Wateja wote niliwafanyia hivyo, isipokuwa mmoja, na yeye ndiye ninayetaka kumwandika hapa.

Mama Consolata alikuwa mjane wa Uvira, anaishi Albert Park ghorofa ya saba, anauza dagaa na mihogo mikavu. Aliwalea hapa mabinti wawili. Aline, mkubwa, aliolewa Brussels. Diane, mdogo, alimfuata mume wake Lisbon. Baba yao alipofariki, Diane alikuwa bado Durban na ndiye aliyemzika. Aline hakuja. Maneno yakasemwa kwenye simu siku ya matanga, na tangu siku hiyo miaka saba ilipita dada na mdogo wake hawajasalimiana.

Haya niliyajua kwa sababu Mama Consolata alikuja ofisini miezi kadhaa bila kununua chochote. Alikuwa anauliza.

"Dada Tatu, kutoka Bruxelles mpaka Lisbonne iko kilometa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na ndege inakamata masaa ngapi?"

"Chini ya masaa matatu, Mama."

"Masaa tatu!" Akapiga makofi mara moja. "Batoto bangu banashindwa kuonana juu ya masaa tatu? Bus ya Johannesburg inakamata mingi kupita hapo."

Wiki iliyofuata alirudi akauliza tena yaleyale. Nilidhani amesahau. Nikampimia kwa uzi. Akaja tena, akataka nimweleze kwa nini tiketi inaonyesha saa moja na dakika hamsini kama safari ni karibu masaa matatu. Nikamweleza habari ya kuta na saa zake. Alisikiliza vizuri sana, mdomo umefungwa, akirudisha maneno yangu kwa sauti ya chini. Dieudonné, mwenzangu wa meza ya pili, Mkongo naye, alisema huyu mama anataka kuwa rubani.

Kisha Diane akajifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama Consolata akaja na pasipoti. Viza ilipatikana kupitia Ubelgiji kwa mwaliko wa Aline. Angekaa wiki moja Brussels, Aline angempeleka uwanjani, na angeruka peke yake kwenda Lisbon kumwona mjukuu. Nikamkatia tiketi: Brussels saa sita na dakika kumi mchana, Lisbon saa nane mchana. Kwenye karatasi, 12:10 na 14:00.

Nikachukua kalamu nimwandikie Diane ujumbe wa kumpokea. Namba yake ilikuwa mbele yangu.

"Acha," Mama Consolata akasema. "Nitamuambia miye mwenyewe. Mtoto anapenda kusikia sauti ya mama yake."

Ninyi mtakaosoma haya, kumbukeni nilipokosea. Ni hapo. Niliweka kalamu chini kwa heshima ya mama mzima, na heshima si utaratibu wa kazi.

Siku yenyewe ilikuwa majira yao ya joto, wakati saa ya Brussels na ya Durban zinalingana, na ya Lisbon iko nyuma kwa saa moja. Saa kumi na nusu alasiri, tunajiandaa kufunga, simu ya mezani ikalia.

"Dada Tatu? Ni Aline, niko Bruxelles. Namba yako iko kwenye karatasi ya Mama. Amefika?"

"Mimi niko Durban, mwanangu. Nitajuaje?"

"Ndege imetua, saa moja na nusu nzima imepita, nimeangalia. Simu yake haiiti. Nilimwambia ukifika tu, piga." Sauti yake ilikuwa juu. "Mama hajui Kireno, hajui Kiingereza cha kutosha. Ulizia kule."

"Kule wapi?"

"Kwa yule."

"Yule nani?"

"Yule wa Lisbonne."

Nikamwambia asikate. Nikachukua simu yangu ya mkononi nikampigia Diane. Iliita mara mbili bila kupokelewa. Ya tatu ikapokelewa, nikasikia maji yakimwagika.

"Dada Tatu, shikamoo. Samahani, nilikuwa naogesha mtoto."

"Marahaba. Mama yuko na wewe?"

"Mama? Mama anafika saa mbili. Bwana yangu anatoka kazini saa moja, tutaenda wote kumchukua na gari."

"Saa mbili gani?"

"Saa mbili ya usiku. Alinitumia sauti, niko nayo hapa. Anasema nafika saa mbili."

Niliiona ile 14:00 kwenye karatasi. Saa nane yetu ndiyo saa mbili ya Wazungu. Mama Consolata alikuwa ameisoma Kizungu, na binti yake, aliyelelewa na mama anayehesabu saa kama mimi, aliisikia Kiswahili. Yule mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa amekaa uwanjani katika nchi asiyoijua, akimngoja mtu ambaye angekuja jioni.

"Diane, Mama ametua. Yuko uwanjani sasa hivi."

Akapiga ukelele. Mtoto naye akaanza. Kwenye sikio langu la pili Aline alikuwa anauliza, "Anasema nini? Anasema nini huyo?"

Ndipo nilipofanya kazi ambayo haikuwa kwenye mkataba wangu. Nilitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili.

"Mwambie huyo," Diane akasema akilia, "anampakia Mama kwenye ndege kama mzigo, hata ujumbe hawezi kuniandikia?"

Nikamwambia Aline.

"Mwambie huyo namba yangu haijabadilika miaka saba."

"Diane, anasema namba yake haijabadilika..."

"Nimesikia."

"Mwambie kama amesikia aende uwanjani, aache kelele."

"Mwambie asinitume, mimi si mtoto wake."

Niliendelea hivyo, kichwa kikigeuka kulia na kushoto, mpaka sikujua tena nani amesema nini. Nadhani mara moja nilimpelekea Diane maneno yake mwenyewe, na akayajibu kwa hasira. Dieudonné alikuwa amesimama na koti lake mkononi akisema "Eish" kila baada ya muda. Nikachoka. Nikaweka simu ya mkononi kichwa chini juu ya mkono wa simu ya mezani, mdomo wa hii kwenye sikio la ile, nikazifunga pamoja kwa mpira wa kufungia tiketi, nikazilaza mezani. Nikasogea nyuma.

Kisha nikasikia sauti ya Diane, ndogo, kama inatoka ndani ya kopo.

"Ulikuwa wapi siku tulimzika Papa?"

"Kwenye foleni ya karatasi za kuishi huku," Aline akasema. "Walisema bila karatasi nikitoka sirudi. Nilisimama pale siku nzima na nguo nyeusi. Watu waliniuliza nimefiwa na nani."

"Hukuniambia."

"Uliniachia nafasi ya kukuambia?"

Sikusikia jibu, maana mtoto alikuwa amepandisha sauti.

"Ni yeye huyo?" Aline akauliza.

"Ni yeye."

"Anaumwa?"

"Hapana. Iko na hasira tu."

"Basi ni wa kwetu."

Mmoja wao alicheka. Sijui ni yupi, zile sauti zilifanana sana. Halafu Diane akasema amemfunga mtoto mgongoni, anashuka kutafuta teksi, na asikate mtu simu. Hatukukata. Tulikaa mimi na Dieudonné tukitazama simu mbili zilizofungwa mpira, tukisikiliza barabara za Lisbon, honi, dereva akiuliza jambo, na Aline akirudia kila dakika, "Umefika wapi? Umefika wapi sasa?" Kama kuna somo la umbali, nililipata pale, lakini sikujua ni somo la nini.

Diane na mtoto walimkuta Mama Consolata amekaa kwenye benchi karibu na mlango wa kutokea, mfuko miguuni, anamaliza mkate aliopewa kwenye ndege. Nilisikia Diane akilia, na sauti ya Mama Consolata ikisema, wazi kabisa, "Leta mtoto." Baadaye kidogo Aline akaniita kwa jina. Nikafungua ule mpira. Alitaka tiketi ya kwenda Lisbon kesho yake. Nikaitafuta, nikamsomea saa za pande zote mbili na muda wa safari, nikamwambia anisomee yeye. Halafu nikamwandikia Diane ujumbe mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sikulala vizuri wiki tatu. Nilijiona nimemtupa mama wa watu ugenini kwa uvivu wa sentensi moja. Dieudonné aliniambia nimeponyesha familia. Nikamwambia kama dawa yenyewe ingemuua yule mama kwa shinikizo la damu, tungesema nini?

Mama Consolata aliporudi Durban alikuja ofisini siku ya tatu. Alipanda ngazi polepole, akaniletea pakiti ya biskuti. Akanionyesha picha: mabinti wawili jikoni, wamenuna, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa mtoto. Alisema wanagombana kila Jumapili kwenye simu, na kwamba Aline anajua kila kitu kuhusu kulea ingawa hajawahi kuzaa. Alisema hivyo kwa furaha kubwa. Nami nikaanza kuomba msamaha.

"Mama, nilipaswa kumwandikia Diane mimi mwenyewe. Wewe uliona kumi na nne, ukasema saa mbili..."

"Sasa iko uongo? Kumi na ine si ni saa mbili?"

"Ni saa mbili ya Wazungu. Lakini Mama, tangu nikujue unahesabu saa yetu. Hata tiketi ya kwenda, ulinisomea saa moja ya usiku, wala hukusema kumi na tisa."

Alikuwa anaifunga picha kwenye kitambaa.

"Na simu yako ilikuwa imezimwa."

"Kwenye ndege balisema tuzime."

"Na mlipotua?"

"Kama balisema tuwashe, balisema Kireno."

Nikamtazama. Nikakumbuka miezi yote ile ya kuuliza swali moja, midomo yake ikirudia maneno yangu. Sikujua kama nikasirike au nicheke.

"Mama Consolata, niambie ukweli. Ulifanya makusudi?"

Aliweka kitambaa kwenye mfuko, akaufunga mfuko. "Dada Tatu, nilikaa pale karibu masaa tatu. Kila mtu anapita, hakuna anayesema salamu. Niliogopa sana, nikasema nitafia hapa na batoto bangu hawatajua. Mtu anaweza kupanga kuogopa vile?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema pia kwamba mama anaweza kupanga jambo na bado likamtisha. Aliinuka, akanigusa mkono juu ya kaunta kama anavyomgusa mtoto aliyefeli mtihani, akashuka ngazi akishika ukuta. Nilibaki na ile pakiti ya biskuti mkononi, sijui kama nimesamehewa au nimetumiwa katika mpango wake.